Kalibu ya Unga wa Ngano

Mkwe alipoingia mlangoni, Fundi alimwona masikio mawili, mabega na viatu. Katikati, pale uso ulipopaswa kuwa, palikuwa na doa la kijivu, kama kioo ambacho mtu amekigusa kwa dole gumba lenye majivu. Fundi akageuza kichwa kidogo, akatazama kitasa cha mlango, na hapo kwa pembeni uso wa kijana ukajitokeza. Anacheka, na ana ndevu mpya.

"Karibu, Mwalimu. Naona umefuga ndevu."

"Baba, hakuna kinachokupita wewe!" mkwe akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Huu ulikuwa mwezi wa saba Fundi anaishi hivyo. Alichokitazama kilipotea, na alichoacha kukitazama ndicho alichokiona. Majirani walianza kusema ameingiwa na maringo, eti anasalimia watu huku anatazama ukuta. Afadhali maringo. Maringo hayamwachishi mtu kazi. Mkewe hakujua. Binti yake hakujua. Na yule aliyekuwa amekaa kwenye kochi sasa hivi, miguu imenyooshwa kama yuko kwake, ndiye hasa ambaye hakutakiwa kujua.

Huyo alikuwa msimamizi wa kiwanda cha masinki, rafiki yake tangu siku walipoajiriwa pamoja. Watu walimwita Kipimo, kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula yake fupi ya chuma mfukoni. Hata hapa, Jumapili mchana, alikuwa amekwisha kupima meza ya sebuleni na kutangaza kwamba mguu mmoja ni mfupi.

"Shemeji, meza hii itakumwagia chai," alimwambia mke wa Fundi.

"Imenimwagia miaka kumi na moja. Tumeshazoeana," mke akajibu, akaweka vikombe. Alikuwa mwokaji mikate, mwanamke mwenye mikono minene, mifupi, yenye nguvu, na hata siku ya mapumziko alinukia hamira.

Wakanywa chai. Kipimo akaguna, akaweka kikombe chini.

"Kesho nina kazi mbaya. Namwandikia Mama Koroga barua."

Mama Koroga ndiye aliyekoroga plasta kiwandani, ile nyeupe ambayo Fundi aliitumia kutengenezea kalibu za masinki.

"Barua ya nini?" mke wa Fundi akauliza. Mama Koroga alikuwa mteja wake. Kila asubuhi alipita kuchukua mkate ulioungua ukoko, na alisisitiza kwamba huo ndio anaoupenda.

"Ya kumwondoa. Masinki arobaini yamerudishwa. Yote yana vipele, tena katikati kabisa, kando ya tundu la maji. Anakoroga kama anayepiga mayai, plasta inajaa mapovu. Si kweli, Fundi?"

"Chai ina sukari ya kutosha?" Fundi akasema.

"Nakuuliza mapovu, wewe unaniuliza sukari!"

"Mapovu yapo," Fundi akajibu, na akainama kwenye kikombe chake.

Hakudanganya. Mapovu yapo siku zote, hata plasta ikorogwe na malaika. Povu likipasuka juu ya kalibu huacha kitobo, na kitobo cha kalibu huwa kipele cha sinki, maana kalibu ni kitu kilichogeuzwa ndani nje: penye shimo pana kilima, na penye kilima pana shimo. Ndiyo maana kuna fundi. Fundi hukagua kalibu kabla haijakauka, akaziba vitobo kimoja kimoja. Naye alikuwa amekagua. Alikuwa amezikodolea macho kalibu zile moja baada ya nyingine, hasa pale katikati kando ya tundu. Na kwa sababu alipakodolea macho, hakupaona.

Hilo alilijua tangu siku masinki yaliporudi. Alijua pia kwamba kiwanda hakina kiti cha mtengeneza kalibu asiyeona, na kwamba amebakiza miaka minne tu apate kiinua mgongo chake. Kwa hiyo akanywa chai.

Binti, aliyekuja na mumewe, ndiye aliyeleta mchezo. Aliupata kwa wenzake wa ofisini. Lilikuwa boksi lenye kadi na mabonge ya udongo wa rangi.

"Unachota kadi, unaisoma kimyakimya, halafu unafinyanga kilichoandikwa. Dakika tatu. Huruhusiwi kusema wala kuonyesha kwa mikono. Mwenzako anabahatisha. Akipata, kadi inafunuliwa, mnapewa pointi."

Fundi alisikia nusu tu. Akili yake ilikuwa kwa Mama Koroga, na ukoko wake ulioungua.

Mabonge yalipofunguliwa yalikuwa yamekauka. Kipimo akagonga moja kwa rula, likalia kama jiwe.

"Hili labda tumtupie mwizi," akasema.

"Nipeni dakika mbili," mke wa Fundi akasema, akaingia jikoni. Akarudi na sinia lenye bonge la unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na maji, laini kama shavu la mtoto. Akawakatia kila mmoja bonge lake kwa kisu, yote sawasawa. Kipimo akayapima, akairudisha rula mfukoni.

Kipimo akafanywa mwamuzi. Wazee upande mmoja, vijana upande mwingine.

"Wazee kwanza," binti akasema. "Baba, chota kadi."

Fundi akachota. Kwa wengine herufi zile zilikuwa nene na nyeusi. Kwake zilikuwa sisimizi waliokimbia kila alipowafuata. Akaisogeza kadi kushoto, akaisogeza kulia, akajifanya anafikiri. Kisha akaiweka chini ya paja.

Akajiambia: nitafinyanga kitu chochote, mke wangu atabahatisha, yataisha. Hilo la kadi kufunuliwa lilikuwa ndani ya ile nusu ambayo hakuisikia.

Akaanza. Vidole vyake havikuhitaji macho. Akaubana unga ukawa bamba nene, kisha kwa dole gumba akachimba. Akachimba shimo la mviringo, akalivutia mfereji mrefu mwembamba, akalainisha kingo kwa ukucha.

"Baba, hilo ni shimo," binti akasema.

"Wewe huchezi upande wetu, nyamaza," mama yake akamwambia.

"Lakini kila mtu anafinyanga kitu. Baba anafinyanga mahali ambapo kitu hakipo!"

Mkwe akacheka mpaka akajifuta macho. Kipimo naye akatikisa kichwa. "Huyu miaka yote hajawahi kutengeneza kitu kikaonekana kitu. Tumpe unga, atatupa shimo."

Mke wa Fundi hakucheka. Alinyunyiza unga mkavu ndani ya lile shimo, kama anavyonyunyiza kwenye bati la mkate, akashindilia kipande cha unga wake, akakibandua polepole. Kikatoka kijiko. Kijiko kamili, chenye shingo na mgongo.

"Kijiko!" akasema.

"Kijiko!" Fundi akasema, akapiga paja.

Watu wakapiga makofi. Kipimo akaivuta kadi kutoka chini ya paja la Fundi, akaisoma, akaisoma tena.

"Imeandikwa kinyonga."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Fundi naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. "Nimechanganya," akasema. "Nilikuwa nafikiria mambo mengine."

"Kinyonga na kijiko?" binti akasema. "Baba, ulikuwa unafikiria chakula!"

Vijana wakacheza yao. Binti akafinyanga mbuzi, mumewe akasema kochi, kisha akasema kochi lililoanguka, kisha akatupiwa unga. Ikarudi zamu ya wazee.

"Chota wewe, bibie," Fundi akamwambia mkewe.

"Nani? Fidia kosa lako kwanza."

Akachota. Sisimizi wale wale. Akawaza: kadi ya kwanza ilikuwa mnyama, ya pili ilikuwa mnyama, basi labda mchezo huu ni wa wanyama. Akachimba samaki, akamwekea mapezi na hata magamba, magamba ya kugeuzwa, kila gamba tundu dogo. Mkewe akanyunyiza, akashindilia, akabandua. Samaki akatoka, amebakiza kuogelea tu.

"Samaki!"

Kipimo akafunua kadi. Safari hii hakuisoma kwa sauti. Aliiweka mezani, ikaonekana na wote. Ngazi.

Hakuna aliyecheka. Mkwe akakohoa. Alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, na alikuwa na ile sauti ya walimu wao, sauti ya kumpenyezea mtoto aibu bila kumwumiza.

"Baba," akasema taratibu, "si kitu cha kuonea haya. Zamani watu wengi hawakupata nafasi. Kuna madarasa ya watu wazima jioni. Au mimi mwenyewe nitakuja Jumamosi. Tutaanza na irabu tu, hizi tano. Mtu mwenye mikono kama hii atashika haraka."

Fundi akahisi uso umewaka moto. Halafu, katikati ya moto huo, akaona mlango. Mtu asiyejua kusoma anaweza kutengeneza kalibu mpaka azeeke.

"Shule niliiacha darasa la tano, mwanangu," akasema. "Na hayo matano yenyewe nilikuwa nakaa nyuma."

"Lakini baba!" binti akasema. "Baba si ndiye aliyekuwa ana..." Akanyamaza ghafla. Mama yake alikuwa amemkanyaga mguu chini ya meza.

Kipimo alikuwa amefungua kinywa. "Kumbe! Ndiyo maana siku hizi nikikuletea karatasi ya oda unaniambia, nisomee, mikono ina plasta! Miaka yote hii umenichezea! Ah, Fundi, wewe ni noma!" Akaegemea mbele, akampiga begani kwa upendo wa kweli, na pigo hilo likamwuma Fundi kuliko tusi. "Mbona hukuniambia? Ningekufukuza kwa hilo? Mimi mwenyewe mwandiko wangu ni wa kuku!"

"Aibu," Fundi akasema, akitazama ukuta.

Mkewe akasimama, akapangusa mikono kwenye khanga.

"Mzee, njoo unifungulie kopo jikoni. Limekaza."

Jikoni hapakuwa na kopo. Mke alifunga mlango, akauegemea.

Huyu mwanamke alikuwa ameishia darasa la pili. Alichumbiwa kwa kusomewa magazeti. Fundi, kijana wakati huo, alinunua mkate kila siku dukani alikofanya kazi msichana huyo, na kabla ya kuondoka alikunjua gazeti lililofungia mkate akamsomea: habari za mafuriko, matokeo ya mpira, matangazo ya vifo, chochote kilichokuwapo. Wakati mwingine habari ilikatika katikati, naye alirudi kesho kununua mwisho wake. Baada ya ndoa aliendelea kumsomea jioni, mke akiwa anakanda. Miezi saba iliyopita aliacha. Alisema siku hizi magazeti ni uongo mtupu.

"Nitazame," mke akasema.

"Nakutazama."

"Unatazama sufuria."

Fundi akamgeuzia uso sawasawa. Mke akainua mkono mbele yake.

"Vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Vingapi?"

Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Naona kiwiko chako," Fundi akasema mwishoni. "Naona na nywele. Katikati hupo."

Mke akashusha mkono. Fundi, ambaye kwa kawaida alimsoma usoni, sasa hakuwa na cha kusoma. Akasubiri kama mtu aliye gizani.

"Miezi saba," mke akasema, na sauti ikakwaruza. "Miezi saba nafikiri umenichoka. Hunitazami. Naongea na wewe, unaitazama sufuria. Nikajiuliza labda ni unene. Nikaacha kula mkate, mimi, mwokaji! Nimekula matango kama sungura!"

"Mimi nilidhani unaumwa tumbo."

"Nilikuwa naumwa wewe!"

Fundi akacheka bila kutaka, mke akampiga kifuani kwa ngumi yenye unga, kisha ngumi ikabaki pale pale kifuani, ikakunjuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipeleka hospitali. Hospitali wangeandika karatasi. Karatasi ingefika kwa yule." Akaonyesha sebuleni kwa kidevu.

"Na Mama Koroga?"

Fundi akajua kwamba swali hilo lilikuwa njiani tangu chai.

"Vile vipele," mke akasema. "Katikati, kando ya tundu. Pale mtu anapotazama. Ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Kesho asubuhi atakuja kuchukua mkate wake. Mimi ndiye nitakayemfungia. Nimwambie nini?"

"Unataka niende nikajichinje mwenyewe pale mezani?"

"Sitaki kitu. Nakuuliza nimwambie nini." Akafungua mlango. "Mimi na wewe tulianza na godoro moja na birika. Birika bado ninalo."

Walirudi sebuleni. Vijana walikuwa wananong'ona, wakaacha. Kipimo alikuwa anapima mguu mfupi wa meza na kuukatia kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi la mchezo.

"Zamu ya mwisho," Fundi akasema, akaketi. "Bila kadi. Na atakayebahatisha ni mwamuzi."

"Kanuni haziruhusu," Kipimo akasema, lakini akachomoa simu yake atazame dakika.

Fundi akafumba macho. Akachukua bonge lote lililobaki, akalipiga mezani, akalipandisha kwa viganja. Safari hii hakuchimba. Alijenga kilima cha duara, akakisugua mpaka kikawa laini kama upara, akakizungushia mfereji chini. Juu kabisa akasimamisha kijiti kifupi kinene cha unga. Kisha akaokota njiti ya kiberiti, na kando ya kijiti kile akatoboa vitobo, kimoja, viwili, vitatu, vingi, vidogo kama vya sindano. Alivitoboa polepole na hakuharakisha hata kimoja.

"Kofia?" binti akanong'ona.

"Kichuguu," mumewe akasema. "Na mashimo ya mchwa."

Kipimo aliinama juu ya kilima kile. Alikuwa ameacha kutazama simu. Akanyunyiza unga mkavu, akachukua bonge lake, akalitandaza juu ya kile kilima, akalikandamiza pembeni kwa dole gumba kama wanavyofanya kiwandani. Akalibandua, akaligeuza.

Mkononi mwake palikuwa na sinki dogo la unga, lenye ukingo na tundu la maji. Na kando ya tundu, katikati kabisa, vipele.

Kipimo akavipitishia kidole. Kikaenda, kikarudi.

"Ndipo vilipo," akasema. "Ndipo vilipo hasa. Mimi nilitaja mahali tu, sikutaja udogo wake. Nani alikuonyesha? Masinki yamefungiwa ofisini kwangu."

"Hakuna aliyenionyesha. Nimeviacha mwenyewe, kwenye kalibu. Mama Koroga anakoroga vizuri. Mapovu ni ya kawaida, kazi ya kuziba ni yangu, na siwezi kuziba nisichokiona." Fundi akafumbua macho, akamgeukia sawasawa. "Kusoma najua. Nakutazama hivi, Kipimo, na una masikio tu."

Mkwe akafunika kinywa kwa mkono. Binti akasogea, akamshika baba yake mkono wa shati, kama alivyofanya zamani wakivuka barabara.

Kipimo alikaa na sinki lile kiganjani. Alilipima kwa rula, upana, kina. Labda hakujua la kufanya na mikono yake.

"Nikuambie ukweli?" akasema. "Nimekasirika."

"Kasirika."

"Nilikuwa kesho nimwandikie mwanamke wa watu barua."

"Najua."

"Na sasa nitakuandikia wewe. Siwezi kukuficha, Fundi. Kalibu hutazigusa mpaka daktari akutazame. Na daktari akisema hapana, itakuwa hapana, hata tukilia wote wawili."

"Najua hilo pia."

"Nyamaza, sijamaliza." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, pua ikabaki nyeupe. "Umechonga hili umefumba macho. Ukingo uko sawa pande zote, nimepima. Pale kwenye kukagua kwa mikono masinki yaliyochomwa nina watu wawili wenye macho ya mwewe na vidole vya mbao. Mshahara ni mdogo. Siwezi kuahidi, si mimi mwenye kiwanda. Lakini nitaongea, na nikiongea huwa naongea mpaka watu wanachoka."

"Hilo tunalijua," mke wa Fundi akasema.

Kipimo akaaga akaondoka bado ana unga puani, na hakuna aliyemwambia. Alilichukua lile sinki dogo, akalifunga kwenye leso.

Jua lilikuwa bado dirishani. Vijana walikuwa jikoni wanaosha vyombo, na mkwe alisikika akijilaumu: "Irabu! Nimemwambia baba tutaanza na irabu!" Na binti akicheka hadi kijiko kikaanguka.

Mke wa Fundi alikusanya kadi zilizotapakaa. Akakaa karibu naye, bega kwa bega. Kesho angemsindikiza hospitali, lakini kwanza angefungua duka mapema, na ule mkate wenye ukoko ulioungua angeufunga bila neno lolote zaidi ya habari za asubuhi. Akachukua kadi ya juu, akaiweka chini ya kidole chake kinene.

"Ki," akasoma. "Ki... nya..."

"Usiniambie," Fundi akasema. "Soma mpaka mwisho."

"Usinihimize! Ki-nya-nya... Hapana. Ki-nyo-nga."

"Hiyo tulishaicheza."

"Wewe ulicheza kijiko," mke akasema, akamsogezea unga. "Haya, nitafutie kinyonga wangu. Nami nikimaliza boksi hili, nitaingia kwenye magazeti, nikusomee wewe."

Fundi akazamisha dole gumba.